Usizamishe sindano wima kwenye trapezi, shika msuli kwanza!

Mkuu simama hapo hapo. Umesema umemaliza kozi ya wikiendi ya sindano kavu, yaani sindano nyembamba isiyo na dawa inayochomwa kwenye msuli uliokaza, una boksi la sindano za milimita 50, Jumatatu unaanza na dada mwembamba mwenye bega gumu na kichwa kinachomuuma, na mwalimu kakwambia trapezi ya juu, ule msuli wa kati ya shingo na bega, "tafuta kifundo (pale msuli ulipokaza), zama wima mpaka msuli uruke". Unauliza urefu wa sindano, uchome ngapi kwa ajili ya maumivu ya kichwa, na uziache dakika ngapi. Usizame wima. Mi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, nilifundishwa maneno hayo hayo na nikayafuata, na aliyeumia sio mimi wala aliyenifundisha, aliumia mgonjwa.

Kwenye kozi walituonyesha picha ya trapezi kwa nyuma, imepakwa rangi nyekundu, safi kabisa, hakuna aliyetuambia chini yake kuna nini. Ncha ya pafu haiishii chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, inapanda juu yake kama sentimita 2 hadi 3, upande wa ndani karibu na shingo. Kwahiyo pale unapoona ni nyama tu ya bega, sindano iliyosimama wima inashuka kuelekea pafu. Na ukihamia nyuma, kati ya mfupa wa bega na uti wa mgongo, kwa mtu mwembamba toka ngozi hadi pafu panaweza kuwa milimita 10 mpaka 20 tu. Wewe mkononi una 50, hebu piga hesabu mwenyewe.

Mgonjwa wangu alikuwa mama mwembamba, nilimchoma amekaa kwenye kiti, na hilo nalo usifanye, mtu akizimia anaanguka na sindano mwilini, mlaze. Nikapapasa nikapata kifundo, nikakandamiza ngozi kwa vidole viwili kama tulivyoelekezwa, na angalia hapa mkuu, ukikandamiza hivyo unazidi kuipunguza ile nyama kidogo iliyopo kati ya ncha ya sindano na pafu. Nikazamisha, msuli ukaruka, akasema hapo hapo ndo penyewe, nikaipandisha na kuishusha sindano mara kadhaa. Akakohoa, kikohozi kifupi kikavu. Nikaendelea na kazi.

Jioni kapiga simu, nikivuta pumzi ndefu inanichoma kifuani mpaka begani. Nikampigia mwalimu wangu wa kozi, na hakuuliza anapumuaje, hakuuliza sindano ilikuwa ya urefu gani wala ilielekea wapi, akasema hayo ni maumivu ya kawaida ya baada ya sindano, akandwe na maji ya moto alale. Nikamwambia alale! Hilo ndo lililotugharimu kuliko sindano yenyewe, maana tundu la sindano nyembamba kwenye pafu ni dogo, hewa inavuja polepole, dalili zinaweza kuja baada ya masaa na kila mtu anadhani ni bega tu limechoka. Asubuhi akashindwa kupanda ngazi. Eksirei ikaonyesha pafu la kulia limesinyaa, wakamwekea mrija ubavuni, na hata baada ya kutoka hospitali akakatazwa ndege mpaka pafu lithibitike limefunguka lote. Kapona, Mungu ni mwema.

Mwalimu nina hasira naye mpaka leo. Nilipomweleza akasema ni bahati mbaya, hutokea mara moja moja. Bahati mbaya gani wakati mtu kafundisha mwelekeo wa pafu? Na pafu kutobolewa hakujali kama wewe ni mzima wa afya, mwaka 2013 Torin Yater-Wallace, mchezaji wa ski wa Marekani, kijana mwenye mapafu ya mwanamichezo, pafu lake lilisinyaa baada ya sindano kavu, Olimpiki ya Sochi ikiwa imebaki miezi michache. Cheti ukutani hakizuii hewa kuvuja.

Sasa shika hili, hata ukiyasahau mengine yote. Trapezi ya juu unaishika kwa dole gumba na vidole vya upande wa pili, unaivuta juu itoke kifuani, ubaki na nyama mkononi. Sindano inapita ndani ya hiyo nyama tu, toka kidole kwenda kidole, ncha inaelekea kwenye kidole chako mwenyewe, kamwe sio chini. Milimita 30 inatosha. Na mkono ulioshika hauachii mpaka sindano imetoka nje, hata simu ikiita. Ukishindwa kuishika basi hapo hapachomwi, bonyeza kwa kidole, tumia mazoezi, mgonjwa hatokudai sindano.

Kule kati ya mfupa wa bega na mgongo usiguse kabisa kwa sasa, tafuta mtu wa kukusimamia. Chini ya kisogo vilevile, pale kati ya fuvu na pingili ya kwanza kuna uwazi unaoelekea shina la ubongo na ateri ya vetebra, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, inajikunja juu ya hiyo pingili, sio pa kujifunzia. Multifidi ya mgongoni, misuli midogo iliyolala kando ya uti wa mgongo, kaa ndani ya upana wa kidole kimoja toka mstari wa katikati, ncha ielekee kidogo ndani na chini ili mfupa uipokee.

Hizo za 50 peleka kwenye makalio ya watu walioshiba mwili, begani zisifike. Na huyo dada wa Jumatatu, kabla hujafungua hata pakiti, mwambie akisikia kifua kinachoma akivuta pumzi, au pumzi zinakata, au kikohozi kikavu kimeanza, iwe leo au kesho yake, asikupigie wewe kwanza, aende hospitali apigwe eksirei na aseme wazi kwamba alichomwa sindano begani.