Kupiga kopi ya "Ghost Rider" ya Suicide jukwaani: ugumu uko kwenye kutoongeza kitu

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, ile rekodi uliyoisikia ya bendi ya watu watatu wakipiga "Ghost Rider" ya Suicide mbele ya watu, gitaa limekwaruza, sauti ya mwimbaji imepasuka, spika zinaunguruma mwanzo mwisho: ni kopi nzuri au wameuharibu wimbo? La pili, nyie wenyewe mnataka kuujaribu, je, mpige kwa mikono au mweke midundo kwenye kompyuta mpakato? Nimeupiga wimbo huu jukwaani kwa miaka, mimi nikiwa kwenye besi, katika bendi isiyo na kinanda hata kimoja, kwa hiyo nina la kusema. Wimbo huu unapigika kwa mikono, na ubichi haujawahi kuuharibu. Kinachouua ni kuongezewa vitu.

Suicide walikuwa watu wawili wa New York: Alan Vega akiimba, Martin Rev akipiga vyombo. Kufikia wakati wa wimbo huu hawakuwa na gitaa wala mpiga dramu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwenye matangazo ya maonyesho yao waliandika kwamba wanapiga muziki wa punk miaka kadhaa kabla bendi za pale CBGB, klabu ya muziki ya New York, hazijabandikwa jina hilo. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka mwaka 1977 kwenye lebo ya Red Star ya Marty Thau, na "Ghost Rider" ndiyo inayoifungua. Jina ni la yule mhusika wa katuni za Marvel, mwendesha pikipiki mwenye fuvu linalowaka moto. Ila Vega hakai na katuni muda mrefu. Anaitupia lawama Marekani kwamba inawaua vijana wake. Vita vya Vietnam vilikuwa vimeisha mwaka 1975, kwa hiyo aliyeusikia wimbo wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa.

Sasa tega sikio usikie kilichomo ndani. Rev alikuwa na kinanda cha Farfisa na mashine ya midundo ya Seeburg, ile inayoitwa Rhythm Prince. Mashine za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya wapiga vinanda waliotaka kusindikizwa na mdundo wa rumba au waltz pasipo mpiga ngoma. Ni chombo cha upole kabisa. Rev alikipa kazi ambayo watengenezaji hawakuifikiria: midundo inagonga vilevile, kinanda kinarudia noti chache zilezile kwa sauti iliyochafuliwa, na hali inabaki hivyo tangu sekunde za kwanza hadi mwisho. Hakuna kiitikio kinachobadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja), wala solo. Dakika mbili na nusu hivi, umekwisha.

Hapo ndipo bendi nyingi zinapouharibu. Mwanamuziki aliyezoea nyimbo zenye mabadiliko akipewa wimbo wa namna hii anaona kuna pengo, na anadhani kazi yake ni kuliziba. Mpiga gitaa anatia solo. Mpiga dramu anaweka mbwembwe kila baada ya mizunguko minne. Wakifika dakika ya pili wanapandisha sauti wote kwa pamoja ili watu wajue kilele kimefika. Kila mmoja amepiga vizuri na wimbo haupo tena, kwa sababu wimbo wenyewe ni kule kukataa kubadilika.

Kwa upande wetu aliyebeba mzigo mkubwa ni mpiga dramu, na nataka nikueleze anachokifanya maana ndicho utakachokisikia kwenye hiyo rekodi yako ukiisikiliza vizuri. Mashine haijui mzunguko wa nne unaishia wapi. Binadamu anajua, hata asipotaka kujua: ukikaribia mwisho wa mzunguko mkono unapata wasiwasi, unataka kukimbilia sahani kubwa ya dramu. Tulipokuwa tunaufanyia mazoezi, yeye mwenyewe aliamua kuziondoa sahani zote isipokuwa ile ya kufunga na kufungua kwa mguu, na zile ngoma za pembeni nazo akazitoa. Alisema kikiwepo karibu, mkono utakifuata tu. Akabaki na ngoma ya mguu, ngoma ya mkono wa kushoto na ile sahani iliyofungwa. Ukimwangalia kwa karibu, baada ya kama dakika moja unaona mkono wa kulia unaanza kukaza kuanzia kwenye kifundo kupanda kwenye kiwiko. Anabadilisha jinsi alivyoshika kijiti, anakisogeza kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, bila kukosa pigo. Kasi haipungui. Ila pigo lenyewe linabadilika rangi: linakuwa kavu zaidi, kuna ukali ambao haukuwepo mwanzoni.

Mimi naamini huo ndio uhalali wa kuupiga wimbo huu kwa mikono. Mashine ya Rev haichoki, na kutojali kwake ndiko kunakotisha kwenye albamu. Mtu anachoka, na msikilizaji anasikia anavyochoka akiwa hakubali kuacha. Kopi ya namna hii inakupa kitu ambacho wimbo wa mwanzo hauna, na haijagusa hata noti moja.

Besi sina mengi ya kusema. Napiga kwa kipande cha plastiki, mapigo yote ya kushuka, amplifaya nimeifungua mpaka sauti imeanza kupasuka, na mwimbaji akiingia sibadilishi chochote. Gitaa kwetu halipigi kile kipande kinachojirudia, hiyo ni kazi ya besi. Lenyewe linashika noti moja mbele ya spika mpaka lianze kulia lenyewe, halafu mpigaji analisogeza karibu au mbali kutafuta mahali linapobadili mlio.

Sauti ya kuimba ni habari nyingine. Vega hakuanzia kwenye muziki. Alikuwa msanii wa sanamu, akitengeneza vitu kwa taa na vyuma chakavu. Mwaka 1969 aliiona bendi ya The Stooges na mwimbaji wao Iggy Pop jukwaani, naye akaona kwamba lazima apande jukwaani mwenyewe. Uimbaji wake una Elvis Presley ndani yake: anakata silabi, anakwama, ananong'ona, anapiga mguno, halafu anatoa ukelele mmoja unaokushtua kwa kuwa hukuona dalili. Waimbaji wengi wa kopi wanasikia ule ukelele tu. Wanapiga kelele kuanzia mstari wa kwanza, na baada ya nusu dakika hakuna kinachoshtua tena.

Ndiyo maana, kwa masikio yangu, kopi ya Rollins Band iliyomo kwenye muziki wa filamu ya The Crow ya mwaka 1994 inanipita pembeni. Wamepiga kwa nguvu na ustadi mkubwa, lakini mwimbaji wao Henry Rollins anasikika kama mtu mwenye misuli anayekutisha. Vega anasikika kama mtu aliyeogopa kuliko wewe, na huyo ndiye wa kuhofiwa. Bendi ya R.E.M. nayo iliupiga, ukatoka pamoja na singo yao ya "Orange Crush". Wao wameuchukua kiwepesi, na naupenda kwa sababu hawakuupamba.

Lakini ukitaka kuona kanuni hii ikifanya kazi, nenda kwenye wimbo mwingine wa Suicide, "Dream Baby Dream" wa mwaka 1979. Bruce Springsteen, aliyewapenda Suicide kwa miaka mingi, alikuwa akiutumia wimbo huo kufunga maonyesho ya ziara yake ya mwaka 2005, ile aliyozunguka peke yake bila bendi. Alikaa kwenye kinanda cha kukanyaga pumzi, akarudia maneno yale yale machache, taratibu, tena na tena. Rekodi ya jukwaani ya wimbo huo ilitolewa, itafute. Mwanzoni ni mtu mmoja na kinanda. Baada ya dakika kadhaa yale maneno yanakuwa sala, na hakuna alichoongeza zaidi ya kukataa kuacha. Baadaye aliurekodi pia kwa ajili ya albamu ya High Hopes ya mwaka 2014, wenye sauti pana zaidi, na mimi bado nachagua ule wa jukwaani.

Kuhusu kelele, miungurumo na sauti iliyopasuka kwenye rekodi yako: usiulinganishe na albamu peke yake. Tarehe 16 Juni 1978 Suicide walimfungulia onyesho mwimbaji Elvis Costello huko Brussels, Ubelgiji. Watazamaji walizomea, wakamnyang'anya Vega maiki, na onyesho likakatikia hapo. Fujo ikaendelea hadi zamu ya Costello. Kuna rekodi ya usiku huo, inaitwa 23 Minutes Over Brussels. Ni kaseti chafu, makelele ya ukumbi wakati mwingine yanawafunika wanamuziki, na ni moja ya rekodi za jukwaani ninazoziheshimu kuliko zote. Midundo ya mashine inaendelea kugonga huku watu wakizomea, haiwajibu, haiwaombi radhi. Wenye wimbo wenyewe walikuwa hivyo jukwaani. Ile bendi ya watu watatu uliyoisikia iko karibu zaidi na Brussels kuliko studio, na hilo halina kasoro.

Kwa hiyo isikilize tena ukiwa na maswali mawili. Baada ya dakika ya pili mpiga dramu ameanza mbwembwe? Na mwimbaji akinyamaza, kuna mtu anakimbilia kuziba kimya chake? Kama majibu yote ni hapana, ni kopi nzuri, hata kama sauti imepasuka. Kama ni ndiyo, basi hata ingerekodiwa studio kwa usafi wa hali ya juu isingeokoka.

Sasa hilo la kompyuta. Kama mna mpiga dramu anayekubali kuvua kila kitu na kugonga kitu kimoja mwanzo mwisho, mpeni yeye. Kama hamnaye, au anaona ni kudharauliwa, msimlazimishe, tumieni mashine. Ila msiipeleke moja kwa moja kwa fundi mitambo itokee kwenye spika kubwa za ukumbi, maana hapo itasikika safi na mbali, na nyie mtaonekana mnaimba juu ya kanda. Ipitisheni kwenye amplifaya ya gitaa iliyo jukwaani, iwekwe maiki mbele yake kama chombo kingine chochote, na sauti yake ifunguliwe hadi ianze kukwaruza. Mwambieni fundi mapema asiisafishe. Mafundi wengi wana nia njema, wakisikia mkwaruzo wanadhani kuna waya umekatika, kwa hiyo mwelezeni wakati wa kupima vyombo, kabla watu hawajaingia.