VAT ya gari la kukodi: si kazi ya gari, ni aina ya gari

Swali lilikuwa hivi: kampuni ya klearingi hapa Mombasa imekodi Noah mwezi mzima ya kupeleka wafanyakazi Kilindini na Miritini, imelipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na mhasibu ameidai kwenye ritani, yaani ameipunguza kutoka VAT ambayo kampuni inapaswa kulipa. Je, ni sawa?

Si sawa, ndugu yangu. Kifungu cha 17 cha Sheria ya VAT ya 2013 kinakataza kudai kodi ya kununua au kukodi gari dogo la abiria au basi dogo, pamoja na matengenezo na spea zake. Wengi hujitetea kwamba gari lilikuwa la kazi tupu, halikulala kwa mtu hata usiku mmoja. Utetezi huo haufiki popote. Anayesamehewa ni yule ambaye biashara yake ya kila siku ni kuuza au kukodisha magari hayo. Mwenye ofisi ya kukodisha kule Nyali anadai VAT ya kununulia Noah zake. Wewe unayekodi kwake huwezi kudai.

Mbona basi iTax, mtandao wa kufailia ritani, ilinyamaza? Ritani za siku hizi huja na manunuzi yaliyokwisha kujazwa kutoka eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki), bora muuzaji awe ameandika PIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Mtambo hauoni kama ni Noah au ni saruji, unaona 16% tu. Kupitia sehemu ya manunuzi mstari kwa mstari na kuondoa yasiyoruhusiwa ni kazi ya mhasibu, kabla ya tarehe 20. Kama mwezi ushapita, rekebisha ritani ya mwezi huo, lipa tofauti na riba ya 1% kwa mwezi. Usingoje wakaguzi waione wenyewe.

Pesa yenyewe haipotei yote. VAT iliyokataliwa huingia kwenye gharama. Siku 5 kwa shilingi 5,000 ni 25,000, VAT 4,000, jumla 29,000. Basi unaandika 29,000 nzima kuwa gharama ya biashara kwenye kodi ya mapato. Na ukipewa bei ya jumla tu, gawanya kwa 1.16 kwanza upate bei kabla ya kodi. Anayechukua 16% ya 29,000 anapata 4,640, shilingi 640 za hewani.

Lori, kenta (lori dogo) na pikapu ya kubebea mizigo hazimo kwenye katazo, hapo dai. Ubishi uko kwenye dabo kabini (pikapu yenye viti vya nyuma) na Probox. Omba nakala ya logibuku usome aina ya bodi. Probox inaweza kukesha usiku kucha ikibeba magunia ya Kongowea, lakini ikiwa logibuku inasema stesheni wagoni, yaani bodi ya gari la abiria, mimi nisingeidai.

Kinachoharibu hata madai halali ni ankara. Ukikodi Noah na kenta kwa mtu mmoja akakuandikia mstari mmoja, "huduma za usafiri", huna namna ya kutenganisha. Mwambie aandike kila gari mstari wake: namba ya gari, tarehe, bei kabla ya kodi, VAT. Iwe ankara ya eTIMS yenye PIN ya kampuni, si ya dereva aliyekwenda kuchukua gari (kosa hili ni la kila siku). Una miezi 6 ya kudai, tangu mwisho wa mwezi wa huduma. Na muuzaji asipotangaza mauzo hayo kwenye ritani yake, dai lako linaanguka hata ukiwa na karatasi zote, kwa hivyo mpigie simu kabla hujafaili.

Mwenye gari moja au mawili ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka halazimiki kusajiliwa VAT. Kama hakusajiliwa, ankara yake ya eTIMS haina kodi ya kudai. Akikuongezea 16% kwa kalamu kwenye kitabu cha risiti, kataa kuilipa.

Nauli ya matatu au tikiti ya SGR haina VAT, kwa sababu usafiri wa abiria umesamehewa. Msamaha huo haugusi chombo kilichokodiwa kizima, ndiyo maana Noah yenye dereva inakuja na 16%. Kuwepo kwa dereva hakuigeuzi kuwa matatu, wala hakuifanyi kenta.