Pimeni Kidonda, Msipime Paja

Ndugu zangu mnaoanza kusimba upasuaji wa ngozi hapa Marekani, yaani kuugeuza kuwa misimbo ya malipo, nimekuwa nikikagua mafaili yenu, na kosa lilelile linarudi kwa kila kundi jipya: mnapima mahali ngozi ilipotoka badala ya kidonda inakokwenda.

Kwanza, katika upandikizaji wa kawaida kuvuna ngozi, yaani kuichuna mahali pengine mwilini, hakutozwi peke yake, kwa kuwa kazi hiyo imo tayari ndani ya msimbo wa upandikizaji wa CPT (misimbo ya kazi za madaktari na ya wagonjwa wasiolazwa), na kinachopimwa ni kidonda kinachopokea. Tuseme daktari ameandika kwamba alichuna kwa dematomu (kifaa cha kuchuna ngozi nyembamba) sentimita za mraba 160 kutoka pajani kwa mtu mzima, akaitoboatoboa ngozi hiyo kwenye mashine ili itanuke, kisha akafunika kidonda cha muundini cha sentimita za mraba 230. Mgeni huidaka ile 160 kwa sababu ndiyo inayotangulia, akaandika 15100 na 15101 mara moja. Inatakiwa 15100 kwa zile 100 za mwanzo na 15101, ya kila 100 za ziada, mara mbili, maana hata 30 za mwisho zinahesabiwa kuwa fungu. Na kama ngozi hiyohiyo ya paja ingewekwa kwenye kiganja, tungehamia 15120 na 15121, kwani familia ya misimbo hufuata mahali ngozi inapokwenda. Tafadhalini, someni ripoti hadi mwisho, na kipimo cha kidonda kikikosekana, mwulizeni daktari kwa maandishi. Kukisia ni kumdhulumu ama hospitali ama mgonjwa.

Pili, kidonda cha mtoto wa chini ya miaka 10 hupimwa kwa asilimia ya eneo la mwili wake. Tatu, ngozi ya unene kamili, yaani yenye tabaka zake zote, huenda kwa mafungu ya sentimita za mraba 20.

Nne, uvunaji una misimbo yake pale ngozi inapopelekwa kuoteshwa maabara, yaani 15040, na tangu 2025 pale inapogeuzwa kuwa mchanganyiko wa seli, yaani 15011 na 15012. Upande wa wagonjwa waliolazwa ni habari nyingine: katika ICD-10-PCS, mfumo wa misimbo ya upasuaji wa waliolazwa, ngozi iliyotolewa mahali pengine husimbwa kivyake chini ya 0HB (kukata ngozi), kando ya 0HR (kuweka ngozi mbadala) ya kidonda. Hapo ndipo hata wazoefu huchanganya, kwa hiyo anayeshika kazi za pande zote mbili kwa siku moja na ahakikishe faili ni la upande gani kabla ya kuifungua ripoti ya upasuaji.