Bustani ya umma: maswali yenu kuhusu takwimu na sauti za wakazi

Ramani inaonyesha karibu kila nyumba ina bustani ndani ya mita 300. Mbona watu bado wanalalamika?

Huenda umbali ulipimwa kwa mstari ulionyooka. Mtu hapai: njiani pana reli, ukuta au barabara isiyo na kivuko. Pima upya kwa kufuata njia za miguu, kutoka mlangoni hadi kwenye lango la bustani, si hadi katikati yake. Kisha gawanya ukubwa wa bustani kwa idadi ya watu wanaoitegemea. Hekta 1 kwa watu 2,000 ni mita 5 za mraba kwa kila mmoja. Kwa watu 10,000 ni mita 1 tu. Wastani wa mji mzima huificha tofauti hiyo.

Tuwahesabu vipi watumiaji?

Igawe bustani katika maeneo ambayo mtu mmoja anaweza kuyaona yote akiwa amesimama. Apitishe macho mara moja, kushoto kwenda kulia, akiandika jinsia, rika na shughuli: amekaa, anatembea, au anacheza kwa nguvu. Rudieni asubuhi, mchana na jioni, siku za kazi na za mapumziko. Msipige picha za watu.

Kisha tazameni nani hayupo. Vienna, mji mkuu wa Austria, katika miaka ya 1990, ilibainika kwamba wasichana walipungua sana bustanini walipofika umri wa miaka 9 hivi: uwanja mmoja wa wazi ulikuwa umeshikwa na wavulana. Kuanzia 1999 baadhi ya bustani zilipangwa upya, zikawekewa njia zaidi, viwanja vya voliboli na sehemu ndogo ndogo, na wasichana wakarudi. Hesabu huonyesha pengo. Sababu wanaijua wakazi, kwa hiyo waulizeni kabla ya kuchora.

Mikutano yetu huja watu walewale.

Wafuateni wengine kituo cha basi na lango la shule, na ramani kubwa ya kubandikia vibandiko. Linganisheni umri na mitaa ya waliojibu na sensa. Baadaye tangazeni kila pendekezo limefikia wapi na kwa nini; mkinyamaza, safari ijayo hawaji.

Fedha hazitoshi. Bustani ipi itangulie?

Kubalianeni na wakazi juu ya vigezo na uzito wake (umaskini, msongamano, idadi ya watoto, uchakavu wa vifaa) kabla alama za bustani yoyote hazijaonekana. Vigezo vikichelewa, kila mwenye nguvu atavipindia kwake. Tengeni pia fungu la matengenezo la kila mwaka, maana taa ikiungua bila kubadilishwa, wanawake ndio wa kwanza kuacha kuja jioni.