Maswali Yenu: Kutoka Noeli Kuingia Mwaka Mpya

Desemba hii barua nyingi zimetoka Mwanza na mialo ya jirani, na karibu zote zinaulizia jambo moja: furaha ya Noeli inashikwaje mpaka Januari, wakati wa sare, madaftari na kodi ya pango? Tumechagua nne.

Tumsifu Yesu Kristo. Tarehe 26 majirani wameshabomoa pango la Noeli. Mimi bado nimeliacha, watoto wananicheka. Linatolewa lini? (Mama wa Pasiansi)

Milele amina, mama. Liache. Kwa Wakatoliki kipindi cha Noeli kinaanza jioni ya tarehe 24 na kuendelea mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ambayo kwa kawaida ni Jumapili inayofuata Epifania, yaani sikukuu ya Mamajusi kumfikia Mtoto Yesu. Mamajusi wasogeze kidogokidogo kila siku, wafike pangoni siku ya Epifania. Tarehe ya asili ya Epifania ni 6 Januari, ingawa mahali pengi huadhimishwa Jumapili ya kati ya tarehe 2 na 8. Nanyi mnaishi karibu na Bugando, ambako kanisa kuu la jimbo limewekwa chini ya jina hilohilo la Epifania.

Waambie watoto pia kuhusu tarehe 1 Januari. Ukihesabu kuanzia 25 Desemba, hiyo ndiyo siku ya nane, na Luka 2:21 inasema siku ya nane Mtoto alitahiriwa, akaitwa Yesu. Mkristo anaufungua mwaka akiwa bado ndani ya Noeli.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mvuvi wa dagaa, kambi yetu ipo upande wa Igombe. Kila mwaka mpya naahidi kumaliza Biblia yote na kutokosa ibada. Februari haijafika nimeshaachia njiani. Usiku niko ziwani, mchana nalala. Nina imani ndogo? (Mvuvi)

Amina, kaka. Hatuoni kasoro kwenye imani yako. Ratiba uliyoichukua ilipangwa kwa ajili ya mtu anayelala usiku.

Tazama hesabu yenyewe. Biblia isiyo na vitabu vya Deuterokanoni, vile vya ziada vilivyomo kwenye Biblia ya Kikatoliki, ina sura 1,189. Ili kuimaliza kwa mwaka unahitaji sura 3 kila siku na 5 Jumapili, yaani 23 kwa wiki. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo mwishoni mwa wiki ya nne unaingia Walawi, kwenye sheria za sadaka za kuteketezwa, na pengine umetoka ziwani alfajiri bila usingizi. Wengi wanaachia hapohapo. Ukikosa siku tatu unadaiwa sura tisa au zaidi, na deni hilo linakufanya uone aibu hata kuigusa Biblia.

Mwaka huu chukua Agano Jipya peke yake. Lina sura 260. Usizigawe kwa wiki, zigawe kwa mwezi wa angani, maana ndio unaokupangia kazi. Toka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu, kwa hiyo mwaka una mizunguko 12 kamili na siku chache za ziada. Sura 22 kila mzunguko zinakupa 264, unamaliza na nafasi inabaki. Siku za mbalamwezi, taa zenu zikiwa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika, soma sura 2 kwa siku. Zikiwa siku nane, umemaliza 16. Sita zilizobaki zisambaze kwenye giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi mnapovua: sura moja kila baada ya siku tatu, mchana ukiamka, kabla hujashika simu. Ukipitwa, usilipe deni. Endelea na sura ya siku hiyo, zilizoruka zisubiri mbalamwezi.

Anza na Luka, yenye sura 24, kwa kuwa somo la mkesha wa Noeli lilitoka Luka 2 na utakuwa unaendeleza habari uliyokwisha kuisikia. Kisha nenda Matendo, sura 28, kitabu cha pili cha mwandishi yuleyule. Ukifika sura ya 27 utamkuta Paulo ndani ya dhoruba, mabaharia wakipima kina cha maji na kutupa nanga nne za nyuma usiku. Ni sura ambayo wewe utaielewa kuliko wengi wetu wa nchi kavu.

Biblia ya karatasi ibaki kambini, kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtumbwini inalowa siku ya kwanza, kurasa zinagandana. Ziwani beba mstari mmoja tu kichwani. Kama unatumia Biblia ya sauti, ipakue kwenye kadi ya simu ukiwa mjini, usitegemee bando wala mtandao wa kambini.

Kuhusu ibada, zungumza na mwinjilisti au mzee wa kanisa sasa, kabla Januari haijaisha. Ibada ya saa tatu asubuhi mnaikosa kwa sababu inayoeleweka: dagaa wa usiku wameanikwa, lazima wageuzwe, na mvua ikiwakuta chini wanaharibika na kazi ya usiku mzima inapotea. Ombeni ibada fupi kambini Jumapili saa kumi jioni, dagaa wakiwa wameshaanuliwa na mitumbwi haijatoka. Na Jumapili za mbalamwezi nendeni kanisani wote pamoja. Sadaka ya ahadi nayo ifuate giza. Ukiahidi shilingi 240,000 kwa mwaka, ni 20,000 kila giza likiisha, siku ileile ya mgao, kabla fedha haijatawanyika. Ukisubiri Desemba utatoa kwa uchungu au hutatoa kabisa.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mtumishi mmoja ametangaza kwamba anayetaka "neno la mwaka" usiku wa mkesha wa mwaka mpya aje na mbegu, yaani sadaka, ya 100,000. Nimeweka 120,000 ya sare na viatu vya wanangu wawili. Nikikosa, naogopa kufungiwa mwaka. (Mama wa watoto wawili)

Mama, nunua sare.

Mkesha wenyewe ni jambo jema, nenda kwenye kanisa lako. Kumaliza mwaka kwa shukrani na toba, kisha kuingia mwingine mkiimba, kunajenga. Lakini hakuna andiko linaloweka bei kwenye neno la Mungu. Petro alipoletewa fedha ili karama ya Mungu inunuliwe, alikataa kwa ukali (Matendo 8:20). Paulo ameweka kipimo cha kutoa kwenye 2 Wakorintho 9:7: "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Wewe unaogopa, na hofu hiyo ndiyo lazima yenyewe.

Huenda utatajiwa yule mjane aliyetoa senti mbili sadaka. Msome, ila anza mistari michache nyuma. Luka 20:47 Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane, na mjane anatokea mara baada ya maneno hayo, mwanzoni mwa sura ya 21. Anayehubiri sura ya 21 na kuiruka ile ya 20 anakunyima nusu ya habari.

Kwa mfanyabiashara, somo zuri la usiku ule ni Yakobo 4:13-15. Linawataja watu wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka mzima, kufanya biashara na kupata faida. Yakobo hawakatazi mpango. Anawataka waseme, "Bwana akipenda." Basi chukua daftari, andika mtaji ulionao, deni unalodaiwa na unalodai, na tarehe ya shule kufunguliwa. Liombee daftari hilo kwa majina na tarakimu. Sadaka yako itoke kwenye faida, upitie bahasha ya kanisani kwako ambako inaandikwa, na usitume chochote kwa namba ya simu iliyotangazwa tu kwenye spika.

Mume wangu alizama ziwani mwezi wa Agosti. Noeli hii sikuweza kuimba. Watu wananiambia mwaka mpya niache kulia, niwe na tumaini. (Dada wa Ukerewe)

Pole sana, dada. Kisiwa chako kinaijua huzuni hii. Wengi hapo bado wanaibeba tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018.

Hutakiwi kuacha kulia ili uhesabiwe kuwa na tumaini. Siku tatu baada ya Noeli, tarehe 28 Desemba, Kanisa linawakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, na somo lake ni Mathayo 2:18, Raheli akiwalilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Kilio hicho kimo ndani ya habari ya Noeli yenyewe, na Mathayo hakukifuta.

Sala ikikataa, tumia Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "Ee BWANA, hata lini". Miwili inayofuata ni ombi. Ya mwisho ni kutumaini na kuimba. Ukiweza kufika mstari wa pili tu, ishia hapo, kesho uanze tena. Baada ya wiki kadhaa jaribu kufika wa nne. Usijilazimishe kwenye wimbo wa mstari wa sita. Jumuiya ikuimbie huo kwa sasa.

Usiufungue mwaka peke yako ndani. Alika mama mmoja au wawili wa jumuiya walale kwako usiku wa tarehe 31, hasa saa sita, kelele za mtaani zinapoanza. Waambie mapema kama unataka marehemu atajwe kwa jina au la, kwa maana wengi wanakwepa jina lake wakidhani wanakusaidia. Kama unataka aombewe kanisani, peleka jina parokiani au kwa mzee wa kanisa wiki moja kabla. Na mwezi wa Agosti uandike kwenye kalenda leo, ili jumuiya ijue siku ile usibaki na watoto peke yenu.