Buldogi mnene hapunguzwi kwa mbio

SWALI: Kwa daktari wa safu hii, salamu nyingi. Miaka minne iliyopita nilipewa mtoto wa buldogi wa Kiingereza, dume, tukamwita Kapteni. Wiki iliyopita tulimpandisha kwenye mizani ya duka la nafaka la jirani, ikasoma kilo 31. Rafiki yangu anayefuga mbwa wa ulinzi alinishauri nimkimbize kila jioni kupanda na kushuka kilima mpaka tumbo likatike. Siku ya pili alilala katikati ya njia, ulimi umegeuka rangi ya zambarau, tukalazimika kumrudisha nyumbani kwa bodaboda. Chakula chake ni posho (ugali wa mahindi) na mapafu ya ng'ombe, pamoja na bakuli la chakula kikavu cha dukani. Je, nimpumzishe kwanza ndipo niendelee na mbio?
Msomaji wa Ntinda, Kampala

JIBU: Ndugu msomaji, zisimamishe mbio hizo leo, wala usizirudie baada ya mapumziko. Ulimi wa zambarau si dalili ya uchovu wa kawaida. Ni dalili kwamba damu ya Kapteni ilikuwa imepungukiwa na oksijeni, na mbwa aliyefika hapo yumo hatarini kufa. Kabla ya jambo lingine lolote, mpeleke kwa daktari wa mifugo amchunguze moyo na njia ya hewa, kwa sababu yote nitakayoyasema kuhusu matembezi yanamhusu mbwa ambaye daktari ameridhika kwamba anaweza kutembea.

Rafiki yako hakukosea kuhusu mbwa wake. Alikosea kudhani kwamba mbwa wote wana pua moja. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, yaani kwa kupitisha hewa juu ya ulimi na ndani ya pua ili unyevu ugeuke mvuke na kuondoka na joto. Fuvu la buldogi ni fupi, lakini nyama laini zilizomo ndani yake hazikufupishwa kwa kiasi kile kile: matundu ya pua ni membamba, kaakaa laini ni refu hata huziba sehemu ya koo, na mara nyingi bomba la hewa nalo ni jembamba. Sura hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Huko Uingereza buldogi wa kale alifugwa ili apambanishwe na fahali, mchezo uliopigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835, na baadaye wafugaji wa mbwa wa maonyesho wakazidi kuchagua pua fupi na kifua kipana. Kule kukoroma kunakowachekesha wageni sebuleni ni sauti ya hewa inayopenya kwa shida. Mafuta yakiongezeka, hujikusanya shingoni na kuzunguka koo, hubana kifua, na huzuia joto lisitoke, mithili ya blanketi. Kwa hiyo buldogi akinenepa, kinachopotea kwanza ni ule uwezo wa kufanya mazoezi ambao wewe ulitaka kuutumia ili kumpunguza. Tumbo la Kapteni litakatikia bakulini, si kilimani.

Vigezo vya uzito wa buldogi vya Uingereza vinataja kilo 25 kwa dume na 23 kwa jike, na vya Marekani viko chini kidogo. Hata hivyo mimi huamini mkono kuliko mizani, maana buldogi wawili wa kilo zile zile wanaweza kutofautiana sana kwa mifupa. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza: ukizihesabu mbavu kama unavyohisi vifundo vya mgongo wa mkono wako, yuko sawa; ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Kisha mtazame kutoka juu. Hata mbwa huyu wa kifua kipana anapaswa kuwa na dalili ya kiuno nyuma ya mbavu.

Tuje kwenye bakuli. Tukichukua kilo 25 kuwa lengo, mwili wa kiasi hicho unapotulia huhitaji takriban kilokalori 780 kwa siku, na hapo ndipo madaktari wengi huanzia wanapotaka kumpunguza mbwa. Chakula kikavu cha kawaida huwa na kama kilokalori 350 katika gramu 100, ingawa inakupasa usome mfuko wako mwenyewe, na hivyo siku nzima ya Kapteni ni gramu 220 hivi, zikigawanywa asubuhi na jioni. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa kuwa kikombe hudanganya. Linganisha sasa na mnachompa: kilo moja ya posho peke yake huzidi kilokalori 1,000, kabla ya mapafu na kabla ya bakuli la dukani. Mnamlisha mara mbili bila kujua. Chagueni njia moja. Mkipenda chakula cha nyumbani, kinawezekana, ila mpangiwe na daktari, kwa sababu posho na mapafu havimpi kalsiamu ya kutosha. Unga uliooza au karanga zenye ukungu visimfikie hata kidogo. Sumu ya kuvu huharibu ini la mbwa, na ni kosa kubwa kudhani kwamba unga usiofaa watu unamfaa mnyama.

Kapteni akilalamikia njaa, mwongezeeni boga lililochemshwa au karoti, vitu vinavyojaza tumbo bila kunenepesha sana. Vitunguu, vya maji na saumu, pamoja na zabibu na chokoleti, ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Ningependa pia ufanye uchunguzi mdogo wa nyumbani, kwa upole. Katika nyumba nyingi ninazoingia, mwenye mbwa hupima chakula kwa uaminifu kabisa, na wakati huo huo askari wa getini anamgawia chapati yake, watoto wanamwachia ukoko wa posho, na jaja (bibi au babu) aliyekuja kutembea anamhurumia kwa kipande cha nyama. Chapati moja ya kando ya barabara inaweza kufikia kilokalori 250, yaani karibu theluthi ya siku nzima ya Kapteni. Usimgombeze askari, mpe kila asubuhi kiganja cha chakula kikavu kilichotolewa katika zile gramu 220, naye ndiye awe mwenye kumtunza mbwa kwa zawadi.

Punguza kiasi cha asilimia 1 ya uzito kwa wiki, yaani kama gramu 300, na umpime kila baada ya wiki mbili kwenye mizani ile ile ya nafaka. Safari ya kilo sita itachukua miezi mitano hivi. Ukiona huruma inakushinda, kumbuka kwamba katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador waligawanywa makundi mawili, na wale waliolishwa robo pungufu maisha yao yote waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Ikiwa baada ya miezi miwili ya kipimo halisi uzito haujashuka, mwombe daktari apime damu. Tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, yaani iliyo mvivu, hunenepesha, na magonjwa ya kupe humfanya mbwa kuwa mzito wa kutembea hata akaonekana mvivu.

Matembezi yaanze kwa dakika kumi mahali tambarare, alfajiri kabla jua halijapanda, kwa mkanda wa kifuani badala ya kola inayobana koo. Ongeza dakika chache kila wiki iwapo pumzi yake hutulia upesi baada ya kufika nyumbani. Mvua ikishakatika na hewa ya Kampala ikawa nzito kwa unyevu, msubirishe, kwa kuwa kuhema hakupozi vizuri katika hewa hiyo.

SWALI: Daktari, sisi tuko Gulu, na mwezi wa Januari na Februari joto ni kali. Buldogi wetu akizidiwa, tumfanyie nini kwanza?

JIBU: Mmwagieni maji ya kawaida mwili mzima, mweke kivulini penye upepo au feni, na kazi hiyo ianze hapo hapo kabla ya kutafuta gari; kisha mwende kwa daktari mkiendelea kumlowanisha, hata akionekana amepata nafuu. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Msimnyweshe kwa nguvu, na msimfunike kwa taulo lenye maji, kwani taulo likishapata joto humzuia kupoa.

SWALI: Je, kuogelea si zoezi zuri, kwa kuwa maji humpoza?

JIBU: Kwa mbwa wengine ni zoezi zuri. Buldogi, kwa kichwa chake kizito na miguu mifupi, huzama. Asiachwe karibu na bwawa wala ufukwe wa ziwa bila mtu wa kumshika.