Maswali ya Wasomaji: Kifuko Laini, Ng'ombe na Chupa Tupu

SWALI: Nauza nyanya na dagaa Soko la Majengo, Dodoma. Wateja nawatilia bidhaa kwenye vile vifuko laini visivyo na mikono. Wenzangu wanasema rambo ndiyo iliyopigwa marufuku, hivi havihusiki. Ni kweli? Na mifuko mbadala ya jumla, nitaijuaje iliyo chini ya kiwango?
Mama wa genge, Majengo

JIBU: Si kweli, mama. Kanuni zilizoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 zinakataza mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, uwe na mikono au usiwe nayo. Kinachoangaliwa ni kazi yake. Plastiki inayofungia bidhaa za viwandani imeachwa, pamoja na ya huduma za afya, ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula na usafi. Unga uliofungwa kiwandani uza bila hofu; lakini ukimpa mteja kifuko cha plastiki abebee nyanya, hapo pana kosa. Anayeuza mifuko hiyo hutozwa faini ya Sh 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Hata mteja anayekutwa nao anaguswa: Sh 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Ni vyema akajua hivyo kabla hajaondoka gengeni.

Kuhusu mfuko mbadala, kitambaa chake kinatakiwa kiwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Usiutathmini kwa vidole tu. Chukua mifuko 10 yenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40, uiweke kwenye mizani ya kidijitali. Pande mbili za mfuko mmoja ni mita za mraba 0.24, kwa hiyo kitambaa peke yake ni gramu 16.8, mifuko 10 ni gramu 168. Mikono na mikunjo huongeza uzito, hivyo ukipata 150 au 160 usiulize mara mbili, mrudishie muuzaji. Tazama pia kama jina la mtengenezaji limechapishwa. Mfuko mwepesi huachia kwenye maungio ya mikono ukibeba kilo chache, ukatupwa siku hiyo hiyo. Na mingi ya mifuko hiyo nayo ni plastiki: jua kali la Dodoma huivunja ikawa nyuzinyuzi zinazopeperushwa na upepo. Kwa mteja wa kila siku, kikapu cha ukindu bado hakina mpinzani.

SWALI: Ng'ombe wangu wanakula mifuko kiangazi. Nifanyeje?
Mfugaji, Bahi

JIBU: Ng'ombe anayetafuta plastiki mara nyingi amepungukiwa chumvi au fosforasi, na malisho makavu huzidisha hali hiyo. Wawekee jiwe la madini la kulamba zizini, lisikosekane kiangazi chote. Akiwa anajaa gesi ubavu wa kushoto mara kwa mara, hacheui vizuri na anakonda ingawa anakula, mwite daktari wa mifugo mapema. Plastiki haimeng'enywi tumboni. Ikishakuwa bonge, njia ya kuitoa ni upasuaji.

SWALI: Kikundi chetu kinakusanya chupa za maji, lakini mnunuzi anatukata bei. Tunakosea wapi?
Kikundi cha vijana, Nzuguni

JIBU: Mambo yanayoshusha bei zaidi ni mchanga, maji yaliyobaki ndani na mchanganyiko wa aina. Geuzeni kitako cha kila chupa. Yenye namba 1 (PET, plastiki ya chupa za maji) huwa na nukta katikati ya kitako. Yenye mstari wa maungio si ya kundi hilo, itengeni, maana inaweza kuwa PVC, aina nyingine ya plastiki (namba 3). Hiyo ndiyo hatari kubwa: huzama majini kama namba 1, kwa hiyo beseni la maji haliitenganishi, na ikiyeyushwa pamoja nayo hutoa asidi na kuifanya plastiki yote iwe ya njano. Fungueni vifuniko na kuviweka kiroba chake, kwa kuwa navyo vina soko lake. Chupa za rangi zisichanganywe na nyeupe. Chupa za viuatilifu (dawa za kupulizia mazao) msizipokee kabisa, hata zikiwa zimeoshwa. Zikandamizeni chupa zikiwa kavu na bila vifuniko. Gari moja litabeba kilo nyingi zaidi kwa nauli ileile. Msichome mabaki: pelekeni yanakokusanywa taka za mtaa, yaende dampo la Chidaya.